Turubai la Darasa la Nne

Likasi, Jumapili 6 Oktoba 2024

Mama Jenny,

Jambo sana, binti yangu. Je, kifua chako kimeshazoea vumbi la Kolwezi? Na wagonjwa wako wa zahanati, wanakuachia muda wa kula? Sisi huku tuko. Mama yako anakohoa kidogo, na goti langu linajua mvua kabla ya redio.

Simu inatosha kwa salamu, lakini jambo hili linataka karatasi, ndiyo maana nimempa Hervé wa basi akuletee.

Unakumbuka upepo uliong'oa mabati ya darasa la nne mwaka jana. Tangu siku hiyo watoto wanasomea chini ya turubai la mtaa, lile la kilio. Mtu akifa, wanaume wanakuja kulifungua kamba, wanalipeleka kwa wafiwa, na darasa la nne linarudi nyumbani mpaka kilio kiishe. Septemba tulifiwa mara tatu. Mwalimu Tania aliniambia, "Papa Joachim, batoto yangu banajua kuzika kuliko kugawanya." Nilicheka, halafu nikaona aibu.

Sasa komini, halmashauri yetu, imetangaza kikao tarehe 19. Kila mtaa utasimama na kueleza shida yake, iwe shule, zahanati au maji, ndipo fedha za mwaka zigawanywe. Mtaa usiokuja kusema hautahesabiwa. Kamati ya wazazi imenichagua mimi na Mama Clotilde muuza unga, kwa sababu mjukuu wake yuko darasa hilo. Nimeandaa kurasa nne. Nishauri, nianzie wapi?

Papa yako,
Joachim


Kolwezi, 10 Oktoba 2024

Papa mpenzi,

Jambo sana. Kifua kimepona, na kula ninakula, nikisimama. Mwambie mama achemshe majani ya mpera, asingoje mpaka nije nimgombeze.

Nisamehe, lakini kurasa nne ni nyingi. Ninakujua. Utaanzia enzi za Kampuni ya migodi, jinsi ilivyojenga nyumba, ikalipa walimu, ikagawa mpaka unga, na kabla hujafika kwenye mabati watu watakuwa wanasinzia. Mwache Mama Clotilde aanze. Yule mama anaweza kumuuzia unga mtu aliyeshiba. Wewe sema jambo moja tu, la turubai, kisha ukae.

Nakuomba tena, usikose. Mtaa wa zahanati yetu ulikosa kikao cha namna hiyo, na mpaka leo tunazalisha akina mama kwa maji ya ndoo.

Mtoto wako,
Jenny


Likasi, Jumapili 20 Oktoba 2024

Mama Jenny,

Salamu zangu leo ni fupi. Sisi ni wazima, ila Mama Clotilde hatuko naye tena. Alianguka Ijumaa jioni sokoni akiwa anapima unga, akafa kabla hajafikishwa hospitali.

Jumamosi asubuhi turubai lilishushwa shuleni, likatandwa uani kwake. Kikao kilikuwa saa nne. Nilivaa koti langu, nikatia kurasa mfukoni (nilizipunguza, zikabaki mbili), nikapita kwenye kilio kuaga. Arsène, jirani yetu fundi wa baiskeli, akaniuliza mbele ya watu wote:

"Papa Joachim, hilo koti ni la wapi?"

"La komini. Ninarudi sasa hivi."

"Muntu hajazikwa, weye unaenda kuomba feza? Basi tuulize nani alimukula."

Watu wakacheka kile kicheko cha kwenye kilio, kisicho na furaha. Unaijua desturi yetu. Anayeondoka maiti ingali ndani ndiye anayedhaniwa kuwa mchawi aliyemla marehemu. Nikatazama kushoto na kulia, kamati nzima ilikuwa imekaa. Nami nikavuta kiti.

Hakuna hata mtu mmoja wa mtaa wetu aliyekwenda kusema. Leo tumemzika. Nasikia fedha zimeshagawanywa kwa mitaa iliyofika.

Papa yako,
Joachim


Kolwezi, 24 Oktoba 2024

Papa,

Sina salamu leo. Nimemlilia Mama Clotilde, na baadaye nimelia kwa hasira.

Mliogopa kuitwa wachawi. Mtaa mzima ulikaa kumlinda mtu ambaye hakuna tena kinachoweza kumdhuru, na watoto wakabaki bila msemaji. Yeye mwenyewe angekuinua kwenye kile kiti kwa mkono wake. Alikufa bila kusema. Nyinyi mko hai, na hamkusema.

Usingoje barua yangu hivi karibuni.

Jenny


Likasi, Jumapili 1 Desemba 2024

Mama Jenny,

Jambo sana, hata kama hujibu. Natumaini u mzima. Barua yako niliisoma, nikamsomea mama yako.

Jana tulikusanyika tena kumaliza kilio cha Mama Clotilde. Turubai likashushwa tena, watoto wakarudi nyumbani tena. Mbele, kwenye viti vya familia, alikaa Théodore, mtoto wa dada wa marehemu. Yeye ni mmoja wa wakubwa wa komini, na siku ya maziko alikuwa safarini.

Kama ilivyo desturi, mjomba wa familia alisimama akauliza, "Kabla hatujatawanyika, marehemu ameacha deni kwa nani?" Siku zote hapo husimama wanaodai, kama wauza mahindi. Jana alisimama Mwalimu Tania.

"Ameacha deni kwetu. Aliahidi atasemea darasa la nne kule komini. Familia italipa namna gani?"

Théodore akainuka, akasema gari linamngoja. Arsène yule yule akamwita kwa heshima ya kaka mkubwa:

"Yaya Théodore, kaa. Ama tuulize nani alimukula?"

Safari hii watu walicheka kweli, mpaka binti za marehemu. Théodore akakaa. Angeondokaje? Wakasimama mmoja mmoja. Mama mmoja alisema mwanawe anajua nyimbo zote za maziko, ila kusoma jina lake hajui. Mimi nilisema jambo moja tu, kama ulivyonishauri: "Mwanangu, hili turubai lililo juu ya kichwa chako ndilo paa la darasa. Kila tukilia, watoto wanafukuzwa."

Mvua ilikuwa imeanza. Théodore akainua macho, akatazama pale kwenye mishono maji yanapopenya.

"Fedha za mwaka huu zimekwisha kugawanywa. Sitadanganya kwenye kilio cha mama. Tarehe 15 Februari tutakaa tena kwa mitaa ambayo haikufika. Mtaa huu utakuwa wa kwanza kusema."

Basi, tumepata tarehe. Mabati bado. Tumepatana pia kwamba msiba ukitokea siku hiyo, nusu ya mtaa itabaki na maiti na nusu itakwenda, na aliyekwenda asiitwe mchawi. Arsène ndiye aliyetoa neno hilo, akitazama chini.

Sasa langu. Maumivu ya goti yamepanda mpaka kiunoni, na usiku miguu inavimba. Mauti yakinipata kabla ya mabati kufika, turubai lisishushwe. Watu wanililie juani. Mvua ikija, wanyeshewe. Mama yako amekataa kulisikia neno hili, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Papa yako,
Joachim


Kolwezi, 6 Desemba 2024

Papa mpenzi,

Jambo sana. Mguu ukiubonyeza kwa kidole, shimo linabaki? Nijibu kwa simu leo leo, na upunguze chumvi.

Nisamehe kwa barua ile. Nilitaka kukuandikia kwamba hutakufa, lakini kazi yangu hainiruhusu kumwambia mtu uongo huo. Kwa hiyo nimekubali. Halitashushwa. Nitasimama mimi mwenyewe pale kwenye kamba.

Tarehe 15 Februari nimeomba ruhusa kazini, nimepewa. Nikikukuta, tutakwenda pamoja, wewe na ukurasa wako mmoja. Na kama ndiyo siku utakayokuwa umelala ndani, nitakuacha na mama na nusu ya mtaa, nitavaa koti lako, niende.

Mtoto wako,
Jenny