Kiti cha Nyuma

Dada Salhiya, shikamoo.

Watoto wazima, na mvua zimeanza huku Kiembe Samaki. Mie bado nimo edani, sitoki, basi kutwa nnawasikiliza wanaume barazani wakibishana juu ya pikipiki ya marehemu mume wangu. Wakil anasema ni nzito, vichochoro vya Mji Mkongwe haiviwezi. Ubwa anamjibu kuwa hiyo ni ya safari, haili mafuta sana, na ukenda nayo Nungwi ukarudi, mgongo hauumi.

Kila Ijumaa Talib alikuwa akinambia, "Panda twende Paje." Nami humjibu naona haya, watu watanitazama.

Leo Ubwa kazidi kuisifu: "Tazameni kiti cha nyuma. Kipya, hakijakaliwa."

Nikafunga dirisha, dada.

Mdogo wako,
Zuleikha