Jina la Mbwa na Kicheko cha Mkwe

Kumbe mko hai. Kimya kimetanda huku kama nimeshazikwa, kisha mtu akishikwa pabaya ndio anakumbuka ana bibi gazetini. Na wewe seremala ndio umezidi. Ulikuja kwangu ukitetemeka, ukauliza mtu anaposaje, nikakwambia, ukapewa mke, ukaahidi kumleta nimwone. Kiti nilichomwekea kimekaa kitupu mpaka mchwa wamekipenda. Leo nasomewa barua nasikia mimba yake iko ukingoni. Haya, na wenzako wasikie ulichoandika.

*Bibi mshauri wangu, shikamoo, najua umenikasirikia na una haki, lakini naomba unisaidie kwanza halafu ndio unigombeze, maana nyumba yangu imekaa vibaya kwa sababu ya mbwa.*

*Mbao zilikuwa zinaibwa karakanani, na karakana yenyewe iko mbele ya nyumba, yaani huwezi kufika sebuleni bila kupita kwenye mbao, basi mlinzi mmoja aliyekuwa anastaafu akanipa mbwa wake, jike, mkubwa hasa, akisimama kichwa kinafika kwenye meza ya kurandia, na tangu aje haijapotea hata fito, ila mlinzi alikuwa akimwita kwa mluzi ambao sisi hatuuwezi, kwa hiyo tukampokea hana jina. Nikasema tumpe jina la kutisha. Bibi, kila jina lina mwenyewe. Nikasema Malkia, mke wangu akaniambia Malkia ni msusi wa ng'ambo ya barabara, limeandikwa mpaka juu ya mlango wake, sasa nitasukwa na nani. Nikasema Tembo, dada yangu mkubwa, mwenye mwili wake, alikuwa amekaa palepale anakunywa chai, akaweka kikombe chini, akaondoka, mpaka leo hatuongei. Nikasema Dhoruba, mke wangu akasema hawezi kusimama getini na tumbo lake akiita dhoruba ije. Basi tukaacha. Mbwa analala mlangoni juu ya maranda, njia yetu ni hiyohiyo, na ukibeba ubao huoni miguu yako, kwa hiyo kutwa nzima mimi, mke wangu, wateja, kila mtu ni kumwambia toka, toka hapo, toka uje ule, na mwenyewe ni mbishi, ukimwambia toka ndio anakuja.*

*Ndipo akaja mama mkwe wangu, ameshika mkoba wa nguo za mtoto, na huyu mama ni mkuu wa jiko la hospitali, akisema neno watu wazima wanakimbia, akamkuta mbwa mlangoni, akajinyoosha, akamwambia toka, mbwa akainuka, akamwambia toka wewe, mbwa akasogea na mkia unapiga, basi kila mama akizidi kusema toka mbwa naye anazidi kuja, mpaka akamwekea miguu ya mbele yote miwili mabegani, akamlamba uso, kilemba kikaanguka, na mama akakaa kwenye maranda bila kupenda, wateja wanatazama. Na mimi, Bibi, randa mkononi, nilicheka. Nilijizuia ikashindikana. Mama akainuka, akajipangusa, akasema: "Nitakuja tena siku huyu mnyama atakapokuwa na jina la kumwita akasikia." Mkoba akauacha, yeye akaenda. Mke wangu anataka mama yake awepo akijifungua, kila jioni anaufungua huo mkoba na kuufunga, mimi hanisemeshi. Nikipiga simu mama anauliza, "Jina lipo?" Nikisema bado, anakata. Naomba jina, Bibi, lolote, ila lisiwe la mtu wa mtaani kwetu.*

*Seremala*

Marahaba. Jina sikupi.

Kwanza mbwa wako si mbishi. Mbwa wako ana jina tangu alipofika, anaitwa Toka. Nyinyi ndio mmemwita hivyo asubuhi mpaka jioni, na kila mkimwita mnamtupia chakula. Mama mkwe akasimama mlangoni akaita jina la mbwa kwa sauti ya mkuu wa jiko, mbwa akafanya adabu, akamwendea. Katika nyumba yako yote siku ile, aliyemkaribisha mgeni ni mbwa.

Wewe ulicheka. Mama wa watu kakulelea mke, kakubebea nguo za mwanao, anaanguka mbele ya wateja, na wewe umeshika randa unacheka. Halafu unaniandikia habari za dhoruba na tembo. Hata ukimpa mbwa jina la malaika, huyo mama haji, kwa sababu hakuondoka kwa ajili ya mbwa. Amekuachia neno la jina ili usiaibike, upate pa kuanzia. Ni mtu mzima huyo, mshike vizuri.

Sasa nisikilize. Weka simu mfukoni, nenda kwake kwa miguu yako, na usitume mtu akusemee. Kaa chini, mwambie, "Mama, nilicheka, nimekosa." Nyamaza hapo. Atakachokusema kimeze, hata kikiwa kirefu. Akimaliza, ndipo umweleze kuhusu Toka, na umwombe jina la mbwa alitoe yeye. Akitaka kucheka, mwache acheke mwenyewe kwanza. Jina atakalolitoa usilipinge. Akimwita kwa jina la msusi, utamwomba radhi msusi. Akimpa jina lako, siku akiita itikeni wote wawili.

Akikubali kuja, sahani ya kwanza ya mbwa aiweke yeye kwa mkono wake huku akimwita. Mbwa akishamjua kwa chakula na kwa jina, hatampandia tena. Na kuanzia leo asisikike mtu anasema toka kwenye karakana yako.

Halafu wewe ni fundi wa vitanda. Mji mzima unalala kwenye vitanda vyako, na aliyekuokolea mbao analala chini mlangoni, mnamruka. Huoni haya? Mjengee kibanda, kikae kando ya geti, kiwe na paa. Ukimaliza, nenda kwa dada yako ukanywe naye hiyo chai iliyobaki.

Mkeo mwambie nimemsikia. Asiufunge tena huo mkoba, auache wazi.

Mtoto akishapata nguvu, mje, na safari hii usinipe ahadi, nipe miguu. Mama mkwe atangulie na kamba ya mbwa mkononi, mkeo afuate na mtoto, wewe uje nyuma na randa, unirekebishie kile kiti. Mkifika getini msinitajie jina la mbwa. Nataka nimsikie mama mwenyewe akimwita.