Mfungo Wako wa Kunyamaza

Mama yangu mpendwa,

Leo ni Ijumaa ya tatu ya Kwaresima, na mwaka huu Ramadhani imeangukia humo humo, kwa hiyo soko letu zima la Garissa liko kwenye mfungo, Waislamu na sisi Wakristo. Nimekaa kwenye kigoda chako. Meza yako ya vitunguu na nyanya sasa ni yangu.

Unakumbuka mfungo wako? Wengine waliacha nyama, wengine sukari. Wewe uliacha kuwakatiza watu maneno. Siku arobaini nzima, mteja akilalamika bei, ulimtazama tu mpaka amalize. Wengine waliishiwa na maneno wakanunua. Nilikutania, "Mama, utakatifu huu utatufilisi." Ukanijibu, "Nikimkatiza huyu ninayemwona, Mungu nitamsikiaje?"

Hapo sikukurithi. Mimi ni mdomo. Kanisani naanzisha Rozari, naongoza Njia ya Msalaba, na nikimaliza namwongezea Mungu orodha yangu mwenyewe. Sikuwahi kungoja kuona kama naye ana neno.

Kwaresima iliyopita, ukiwa mgonjwa kitandani kule mtaa wa Galbet, ulinishika mkono ukaanza, "Mwikali, nikifa..." Nikakukatiza. "Usiseme hivyo, Mama, utapona." Nikaanza kusali kwa sauti. Kesho yake ulijaribu tena, nikasali kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya tatu uliinua kiganja, nami nikadhani unapokea baraka. Ulikuwa unaniomba ninyamaze. Ukafumba macho, ukaniacha niendelee. Baadaye niliwaambia watu kwa fahari kwamba ulifariki katikati ya sala.

Baba zangu wadogo walipopiga simu kutoka Kitui kusema mwili urudi nyumbani, nilikubali kabla hawajamaliza.

Mwaka huu nimejaribu mfungo wako. Wiki ya kwanza ulimi uliniwasha. Halafu Ijumaa iliyopita akaja Mama Halima, rafiki yako muuza maziwa ya ngamia, akakaa nami kungoja adhana afuturu. Nilimuuliza habari za wajukuu, kisha nikanyamaza, nikanyamaza kweli.

"Hooyo," akasema. Unajua huniita hivyo, kama Wasomali wanavyomwita mama na mtoto pia. "Mama yako alitaka lala hapa hapa, karibu na bwana yake. Aliambia mimi, Kitui iko shamba tu, hakuna mtu yake. Siku ya matanga mimi nilikuja kuambia wewe. Wewe nasema asante, asante, naenda kwa watu ingine. Wallahi, mimi nilishika nguo yako."

Nilikumbuka. Alinishika mtandio, nami nikauvuta nikaenda kuwahesabia viti wageni.

Mama, nimekulaza peke yako mahali usipopataka, na kaburi la Baba liko hapa mjini, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye meza yako. Nililia pale pale sokoni. Wateja walidhani ni vitunguu. Nimewauliza baba wadogo kama naweza kukuhamisha. Wamekataa, na safari hii niliwasikiliza mpaka mwisho.

Nimewaza sana kwamba Mungu alinisemesha mara nne kuhusu jambo moja, mara mbili kwa mdomo wako, mara moja kwa kiganja chako na mara moja kwa mkono wa Mama Halima. Nilikuwa na shughuli nyingi za kumwomba.

Jana nilienda kwenye kaburi la Baba. Nilipiga magoti, na mdomo ukafunguka wenyewe kwa mazoea. Nikaufunga. Nilikaa hapo kimya hadi magoti yakafa ganzi. Sikusikia lolote, na bado sikuondoka.

Huenda baada ya "nikifa" kulikuwa na mengine zaidi ya kaburi. Sitayajua, na hilo linaniuma kuliko yote. Pumzika, Mama, hata kama ni huko.

Kitindamimba wako aliyechelewa kunyamaza,
Mwikali