Bamia za Zafarani

Bagamoyo, Shaabani 1302

Kwa mdogo wangu Thuraya, huko Unguja,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Paa la uani limeezekwa upya, na mbu wamepungua kidogo.

Barua yako imenichekesha. Nimekupa Zafarani, mjakazi anayejua jiko kuliko wote nyumbani kwangu, nawe walalamika kuwa bamia zake zinaungua! Bamia za kuchoma si kazi, mwanamke wewe. Chagua changa, usizikate vikonyo, zifute zikauke, zitunge kwenye vijiti vya chelewa. Makaa yawe mekundu. Zikianza kubabuka, zitoe, utie chumvi, ndimu na pilipili. Mumeo akirudi kuswali magharibi, zi tayari.

Ila zataka watu wawili, mmoja apepee makaa na mwingine ageuze. Hapa aliyekuwa akipepea ni Tausi, dada yake. Ndiyo maana unamsikia kila jioni jikoni akiita, "Tausi, pepea!" Hana wazimu. Mpe mtu wa kupepea, naye atanyamaza.

Wasema hulia akiuliza lini dada yake ataletwa. Mwambie akizichoma vizuri, Tausi atakuja baada ya Ramadhani. Utaona mikono itakavyochangamka.

Tausi tulimzika Jumanne. Alikataa kula tangu siku ile ulipoondoka na mwenziwe. Usimwambie sasa, una wageni wa vunja jungu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Jokha