Mtego wa Tano

Jumatatu, 4 Aprili

Mvua asubuhi. Mto umepanda kidogo, rangi ya chai ya maziwa. Leo tena hakuna aliyekuja.

Mtu wa mtoni akifa, wenzake humwopolea mitego yake ya samaki na kuianika uani kwa mjane. Walimfanyia Hosea Tubbs. Walimfanyia hata yule mlevi Purvis, aliyekuwa akiwaibia! Mume wangu Lonzo ndiye aliyekwenda kumwopolea Purvis, akarudi na homa. Lonzo wangu ana wiki saba kaburini na ua wangu hauna kitu — nguo zangu tu, na shuka moja. Siku hizi shuka moja linatosha.

Mitego mitano iko huko chini. Haina maboya, kwa sababu ya wezi. Kila mvuvi anajua yake kwa alama za ukingoni. Samaki wanaingia, hawatoki, wanaoza humo humo. Lonzo asingepata usingizi.

Jumatano, 6 Aprili

Tyree, mdogo wake Lonzo, kaleta sahani ya mbavu za samaki bufalo. Zimekaangwa vizuri, unga wa mahindi umeshika, pilipili ya chupa pembeni. "Kula, shemeji, umebaki macho tu."

Nikamwuliza samaki wametoka wapi. Mtoni, akasema, kwani siku hizi bufalo wanaota mitini? Akacheka peke yake. Nikauliza mitego ya kaka yake. Akasema mafuriko ya Februari yameizoa yote, saa hizi iko Mississippi, nisahau.

Nilikula zote. Nikalamba na vidole.

Jumamosi, 9 Aprili

Verlene, jirani yangu, alinipa lifti kwenda dukani. Tulipopita kwa Tyree nikamwambia asimamishe gari.

Uani kwake umeanikwa mtego. Mrefu kama soksi ya jitu, pete saba, mweusi kwa lami. Shingoni una kiraka cha uzi wa bluu. Uzi ule ulibaki nilipojishonea gauni la harusi ya binti wa Verlene. Mweusi ulikuwa umeniishia. Lonzo alinicheka: "Samaki watadhani na wao wamealikwa."

"Mwizi huyo!" Verlene akasema. "Kaa hapa. Spana ya gurudumu iko nyuma, nakwenda kumsalimia." Nilimshika mkono. Nikamwambia aendeshe tu.

Kumbe ndizo zile mbavu. Kanilisha samaki wa mume wangu, kisha akasimama kunitazama nikila!

Jumapili, 10 Aprili

Baada ya ibada nilimkuta Tyree kwenye ngazi za kanisa. Watu wote ghafla wakaanza kutafuta funguo za magari. Sikupaza sauti — sijui kupaza. Nilisema, Tyree, nimeona kiraka changu.

Akatazama viatu vyake. Akasema ni kweli, aliburuta kulabu mtoni juu na chini mpaka akaipata. Minne. Hakuna mwingine. "Niite mwizi, shemeji. Niite tu, nimestahili."

Hata kujitetea hakujitetea! Dada mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, kumwibia maiti, afadhali umwibie Mungu sadaka. Tyree akainama kama mtoto.

Lonzo alipolazwa hospitali, Tyree alikaa naye asubuhi, mimi mchana nikitoka kazini. Wauguzi walisema asubuhi Lonzo alikuwa na nguvu, anaongea. Mchana alilala tu. Neno la mwisho nililopata mimi ni "Funga dirisha." Nikafunga.

Jumanne, 12 Aprili

Minne, kasema. Basi wa tano haujui.

Wa tano tuliutega wawili, mimi nimeshika usukani wa boti, kwenye mkono wa mto nyuma ya miti ya saiprasi, pale lilipozama tishari. Hakuna anayeburuta kulabu pale, tishari linazila. Lonzo alisema, huu wetu, asijue mtu. Nilijiona msichana. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili!

Nitauopoa mwenyewe. Utaoza ukiwa uani kwangu, si kwake.

Alhamisi, 14 Aprili

Nimeupata. Kulabu ilishika kamba, nikavuta mpaka viganja vikachubuka. Nilikuwa nimejifunga kitambaa puani kwa ajili ya uvundo.

Hakuna uvundo. Bufalo watatu wazima, wanapiga mikia! Mtego safi, hauna hata tope. Kamba mpya ya njano, na fundo la Tyree — anafunga kwa mkono wa kushoto, linajulikana.

Hakuburuta. Pale haburuti mtu. Aliambiwa. Lonzo alimwambia. Asijue mtu!

Afadhali angeiba. Mwizi ningemsamehe kabla ya Krismasi.

Na kwa nini akubali kuitwa mwizi mbele ya kanisa zima? Si angesema tu, kaka alinipa?

Mtego uko jikoni, unachuruzika sakafuni. Samaki wako kwenye beseni la kuogea. Lori la Tyree limeingia sasa hivi. Bila shaka katoka kule, hakuukuta. Anagonga.

"Shemeji! Uko mzima? Ulikwenda peke yako pale?"

Nimemwuliza huku mlango umefungwa: Lonzo alikuambia nini?

Anasema nifungue kwanza. Nimesema, sema hapo hapo ulipo.

"Alinikataza nisikwambie, shemeji. Alisema nikuletee samaki tu, mengine nikae nayo."

Nisiambiwe nini?

 Naandika ili mkono usishike kitasa. Kwenye kioo cha mlango namwona. Anavua kofia.