Kiti cha Maua cha Don Eliécer

Jumatano, 31 Julai

Dokta Paulina ametutangazia leo kliniki: Jumamosi twende wote mlimani Santa Elena, kuona maonyesho ya maua shambani. Yaneth wa mapokezi akadakia kwamba washamba wa huko huongea na kabichi zao. Nikacheka. Mimi! Miaka minne nimewaambia baba yangu ni fundi umeme, anaishi pwani. Kisha Dokta akataja shamba lenyewe. La Don Eliécer.

Don Eliécer ndiye baba yangu.

Ijumaa, 2 Agosti

Kusingizia kuumwa jino haiwezekani, bosi wangu ni daktari wa meno. Nimempigia mama. Nikamwambia tunakuja kundi zima, mjifanye hamnijui. Kwenye simu nilisikia kuku tu.

Akauliza kwa nini. Nikasema mambo ya kazini. Akasema baba alikuwa ananisubiri Jumamosi hiyohiyo, ana jambo lake. Sikuuliza jambo gani.

Jumamosi, 3 Agosti

Baba alitupokea langoni, kofia nyeupe, shuka la poncho begani.

"Karibuni sana. Na wewe senorita, karibu. Mara yako ya kwanza huku?"

"Ndiyo," nikasema. Ndiyo — kwenye lango nililojifunzia kutembea kwa kulishika.

Mama akaleta jibini na maji moto ya sukari guru. Wenzangu wakapewa glasi. Mimi nikapewa kikombe cha bati kilichovunjika mkono, kikombe changu tangu darasa la kwanza. "Pole shoga," Yaneth akanicheka, "wewe hawakupendi." Mama akarudi jikoni.

Kiti cha maua, kile cha kubebwa mgongoni kwenye gwaride la mjini, kilikuwa uani, tayari kwa kujaribiwa na wageni. Mbao, mikanda miwili ya mabega, mmoja wa paji la uso, na juu yake alizeti na mayungiyungi hadi huoni mbao. Yaneth akajaribu. Akayumba, akakaa chini kwa makalio, watu wakafa kwa kucheka. Kisha wakanisukuma mimi.

Nilipanga kuyumba. Naapa nilipanga. Lakini goti likaenda chini lenyewe, kichwa mbele, pumzi, juu. Nikasimama wima.

"Mwenzetu umezaliwa nacho?" Dokta akauliza.

"Wageni wengine wana kipaji tu, dokta," akasema baba. Akaninyooshea mkanda wa paji la uso kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akifanya nikiwa na miaka minane. Machoni hakunitazama.

Naona aibu. Hata hapa, peke yangu na daftari, naona aibu.

Jumapili, 4 Agosti

Mikanda.

Nimeamka nayo kichwani. Jana ilinikaa sawasawa, bila kurekebisha fundo hata moja. Baba ananizidi urefu kwa kichwa kizima. Nani aliifupisha?

Alhamisi, 8 Agosti

Mama amenieleza yote kwa simu. Goti la baba limekwisha. Nafasi ya kubeba kiti kwenye gwaride ni ya familia, huachiwa mtoto mmoja, na alikuwa amenichagua mimi. Jumamosi ile angenitangaza mbele ya wageni wote. Badala yake akalazimika kuniuliza kama ni mara yangu ya kwanza.

Nikamuuliza mama, na sasa?

Sasa, akasema, baba amerefusha mikanda. Atabeba mwenyewe. Kilo sitini, na goti lile!

Na Dokta ametukatia wote tiketi za jukwaa la watazamaji, gwaride la Jumapili. Safu ya mbele kabisa. Nikibeba, wataniona. Nisipobeba, nitakaa nao nimtazame baba akichechemea mbele yangu, na nipige makofi kama mgeni.

Jumapili, 11 Agosti

Nimepanda mlimani kwa basi la kwanza. Nilimkuta baba uani anakaza fundo.

"Maonyesho yamefungwa, senorita."

Nikasema, "Baba, nisamehe."

Akaendelea kukaza. Nikapiga goti pale pale kwenye tope nikaanza kufungua mikanda. Hakunizuia. Fundo la kwanza likatii, la pili likanishinda, kucha ikakatika. Akatazama weee, halafu akasema: "Vuta kwanza, ndipo ulegeze. Au na hilo umelisahau?"

Nikavuta. Likalegea. Nikafupisha mpaka pale alipokuwa amefupisha yeye. Alama bado ilikuwepo.

Sasa tuko nyuma ya lori, tunateremka mjini. Kiti kiko katikati yetu. Mwandiko wangu unaruka na mashimo. Simu imelia, ujumbe wa Dokta: tumekuwekea nafasi, uko wapi?

"Nani?" baba ameuliza.

"Kazini."

Amekishikilia kiti kwenye kona mbili. Kisha, akitazama barabara: "Wakikuuliza mzee anayetembea kando yako ni nani, utawaambiaje?"

Nimeandika kwenye simu: Nakuja na baba. Nimemwonyesha. Amesoma polepole, bila miwani, akanirudishia.

"Hujaituma," amesema.

Kweli, sijaituma. Tumeshaanza kuona majengo ya mjini, na kidole bado kiko juu ya kitufe. Naweka kalamu chini, nitume.