Ndoo ya Maua Kutoka Sarang'ombe

Sarang'ombe, Kibera

Mdogo wangu Ochieng',

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mgongo umepoa na ng'ombe wamekwisha kukamuliwa. Mimi ni mzima. Magoti hunisumbua asubuhi, lakini jua likipanda hukubali kazi. Je, kaburi la shemeji yako limekwisha kujengewa? Nijibu hilo kabla ya habari nyingine yoyote.

Umeniomba nimsamehe Mzee Njoroge. Nimesoma ombi lako mara mbili. Sikiliza kwanza.

Unakumbuka kwamba marehemu mke wangu, binti wa Alego, Nyar Alego kama mlivyomwita, alipanda mparachichi katika ploti ya Njoroge kule Gatina, tulikopanga chumba miaka mingi. Aliukuza kwa maji ya kuoshea mboga. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na mparachichi wa Njoroge mwenyewe, mkubwa, ambao kila msimu ulizaa hadi matawi yakaegemezwa nguzo. Nilipomleta mke wangu nyumbani kumzika, Njoroge aliukata ule mti wa mke wangu. Nilirudi kutoka matangani nikakuta kisiki.

"Mwalimu," akaniambia, mikono mfukoni, "hiyo majani ilikuwa inajaza gata yangu ya paa. Na mwenye mti si amepumzika?"

Niliokota vijiti vilivyokuwa bado vibichi, nikavifunga kwa kitambaa chenye maji, nikahama wiki ileile. Huku Sarang'ombe nilivipandikiza kwenye miche uani mwa kanisa ninapofundisha. Mmoja ulishika.

Kuna jambo ambalo Njoroge hakulijua, nami sikumwambia. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza huwa jike, likafunga; siku ya pili hufunguka tena likiwa dume na kumwaga chavua, ule unga wa manjano. Mti wa Njoroge hufungua majike asubuhi na madume alasiri. Mti wa Nyar Alego ulifanya kinyume: asubuhi ndipo ulipomwaga chavua. Nyuki walivuka hatua zile chache, na Njoroge akavuna. Yale maparachichi aliyojivunia yalikuwa kazi ya mke wangu.

Baada ya kisiki, mti wa Njoroge ulichanua sana na kuzaa matunda ya kuhesabika kwa vidole. Mama Wanjiku, anayeuza mboga langoni pake, alinipasha habari. Njoroge alipigilia misumari shinani, kisha akauchapa mti kwa ubapa wa panga, kama wafanyavyo watu wa huku mti ukikataa kuzaa. Nilikwenda kumwamkia Mama Wanjiku ili nijionee. Nilichuma tumba moja lisilofunguka, nikalipasua kwa wembe kiganjani na kulitazama kwa lenzi yangu ya darasani. Vijiti tisa vya kiume, kila kimoja na vifuko vinne, na kila kifuko na kifuniko chake kidogo. Ndani, chavua ilikuwa tayari. Nilijua kila chembe mama ya chavua ilikwisha kugawanyika kuwa nne kabla ua halijaona jua. Mti haukuwa na kosa lolote. Nililitupa lile tumba, nikarudi nyumbani nimeridhika. Nilinyamaza hivyo misimu mitatu.

Mwaka huu mti wa Nyar Alego ulichanua hapa kanisani kwa mara ya kwanza. Wiki hiyohiyo Njoroge akaja, kofia mkononi.

"Mwalimu, wewe ni mtu ya vitabu. Hiyo avokado yangu imerogwa?"

"Haikurogwa. Ulimkata mume wake."

Nilimweleza yote. Alikaa kwenye ngazi ya kanisa, kisha akauliza kama kuna dawa. Nikamwambia ipo: matawi yenye maua kutoka mti huu, yatiwe ndani ya ndoo ya maji, yawekwe chini ya mti wake kila asubuhi ili nyuki wayapate. Hiyo ni kweli. Nikaongeza kwamba matawi hufa siku hiyohiyo, na kwamba gari au pikipiki itayapukutisha chavua, kwa hiyo lazima ayabebe mwenyewe, kwa miguu, kila siku. Hayo mawili si kweli. Ndani ya maji matawi hukaa siku kadhaa. Katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kumdanganya mwanafunzi; lakini, Ochieng', nimemdanganya Njoroge.

Basi kila asubuhi mwenye ploti hutembea kutoka Gatina hadi hapa na kurudi, ndoo kichwani. Vijana wa bodaboda humpigia honi: "Landilodi, harusi ni ya nani?" Mama Wanjiku naye humwambia, "Baba, ukimaliza kupeleka maua, niletee pia sukuma." Wapangaji wake hutoka milangoni kumtazama. Mimi husimama dirishani hadi apotee.

Leo ni siku ya tisa. Alitua ndoo, akajifuta jasho, akasema bila kuniangalia, "Nilikata nikijua mko kwa mazishi. Nilijua ukiwa hapo hutakubali." Kisha akauliza, "Mama alikuwa anaitwa nani? Mimi nilikuwa nasema tu mke ya Mwalimu."

Nilimtajia. Alilirudia jina lile vibaya. Nikamsahihisha, akalirudia vizuri. Ulimi wangu ulikuwa karibu kumwambia ukweli kuhusu matawi. Nilimkatia mengine, nikamtwika ndoo.

Nisalimie mkeo, mpishi wa matanga yetu, na shangazi asiyesikia vizuri, mpazie sauti. Mwambie fundi wa kaburi kwamba namngojea.

Msamaha ulioniomba nitautoa maua yatakapokwisha. Nimetoka sasa hivi kuutazama mti. Matumba mengi bado yamefunga.

Mimi kaka yako,
Mwalimu Odhiambo